Dungu Nililoliweka Makanya

Mwanangu Namkunda,

Salamu tumeshapeana asubuhi. Uliniamkia, nikaitikia nikiwa nimegeukia ukuta, kwa hiyo sitazirudia hapa. Sasa hivi uko Mwanga unatafuta buti, na ninavyokujua utazunguka maduka yote ya mjini kisha urudi kununua yale uliyoyaona duka la kwanza. Nina muda wa kutosha. Nimekaa barazani na daftari lako la zamani la hesabu, naandika kwenye kurasa za nyuma ulizoziacha nyeupe. Barua hii nataka uwe nayo jioni ya leo, ili kesho asubuhi kama utapanda gari, upande ukijua unakokwenda.

Habari za chandarua na kuchemsha maji sikuandikii. Shangazi yako amekuimbia hayo wiki nzima hadi mbuzi wameyakariri. Mimi nina neno moja tu, na nimelikalia tangu ulipokuwa na miaka mitatu.

Juzi ulikaa hapa hapa nilipokaa, ukanionyesha kwenye simu picha ya mashamba ya Makanya iliyopigwa kutoka juu. Ulikuwa umejaa furaha. Ukasema, "Baba, wewe uliwinda miaka mingi. Wale wakulima wanataka madungu manne juu ya miti ya kuvizia nguruwe pori, na mimi ndiye napanga. La kwanza ungeliweka wapi?" Nikaangalia. Nikaliona korongo, nikaiona mifereji inavyochepuka kutoka ubavuni mwake, nikaona na mti. Ulikuwa mti mwingine bila shaka, migunga inafanana. Nikainuka, nikasema naenda kufunga mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa zamani. Nilisimama bandani mpaka nikasikia umeingia ndani.

Baadaye nilikusikia ukimwambia shangazi yako kwenye simu kwamba baba hapendi mtoto wa kike ashike bunduki. Uliongea kwa uchungu, na ulikuwa na haki. Nikaona afadhali ufikiri hivyo. Kwa siku mbili nimekuacha ufikiri hivyo, na nakuomba radhi kwa siku hizo mbili kabla sijakuomba radhi kwa miaka mingine yote.

Namkunda, mimi sikuwahi kufanya kazi Tanga.

Ile miaka miwili ambayo mama yako alikuambia baba yuko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, nilikuwa gerezani. Nilimuua mtu Makanya. Aliitwa Bakari. Nilimpiga kwa gobore kutoka kwenye dungu nililolijenga kwa mikono yangu, mahali nilipopachagua mwenyewe, nikiamini kwamba kuanzia Kileo mpaka Same hakuna mtu anayejua mahali pa kuweka dungu kunishinda.

Pumzika kidogo hapa. Mimi pia nimeweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ndiye unayekwenda kukwea miti ya watu kule. Wakati ule nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi ya Makanya. Wenyeji wengi ni Waislamu, nguruwe hawamli, na hata akifa shambani kumwondoa ni shughuli. Sisi Walutheri wa mlimani tulikuwa tunamla kwa furaha. Kwa hiyo ilikuwa desturi yao kijiji kikipata kibali kutuma ujumbe huku Ugweno: njooni muwaue, nyama yote ni yenu. Wao walicheka kwamba wamepata vibarua wa bure. Sisi tulicheka kwamba tunalipwa nyama kwa kukaa juu ya mti. Nilishakwenda Kileo mara kadhaa kwa kazi hiyo na sikuwahi kurudi mikono mitupu. Watu walianza kuniita Fundi. Jina hilo liliniharibu kichwa kuliko pombe.

Makanya sikuwa nimewahi kuwinda. Bakari ndiye aliyenipokea, kwa sababu shamba lake ndilo lililokuwa linaliwa zaidi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mtaratibu, mwenye kikohozi cha vumbi la jasi, maana aliwahi kuichimba ujanani. Yeye Mpare wa Same na mimi Mgweno, lugha zetu za nyumbani hazisikilizani, tukawa tunaongea Kiswahili kama watu wa ofisini. Mkewe alikuwa akituletea chakula. Walikuwa na binti mdogo wa umri wako, anaitwa Zuhura, aliyekuwa akinikimbia kwa sababu ya ndevu.

Nilipewa siku tatu za kulitazama shamba kabla ya kujenga. Nilizitumia vizuri, hilo sitalikana. Nilidondosha jivu kila saa nikajua upepo unapanda kuelekea milimani mchana, na jioni unageuka unashuka. Nilifuata mapito ya nguruwe kwa magoti. Niliona walipojigaragaza kwenye tope lililokauka, na magome waliyojisugulia. Mapito yote yalikuwa yanakutana mahali pamoja, kwenye tuta kubwa lililotenga korongo na shamba. Pale tuta lilikuwa limebonyea, wanapita hapo kuingia kwenye mahindi. Hatua thelathini kutoka hapo palikuwa na mgunga mzuri, wenye panda mbili nene, na jioni upepo ungenijia usoni. Nilifurahi kama mtu aliyeokota hela.

Sasa sikiliza nilichokiona na nisikielewe. Tuta lilikuwa limebonyea pale kwa sababu watu ndio waliolibomoa, kila msimu, kwa majembe. Pembeni yake palikuwa na matawi ya miiba na mawe yaliyopangwa. Nikasema moyoni, hawa wamejaribu kuziba njia ya nguruwe, wameshindwa, ndiyo maana wameniita. Yale matawi na mawe yalikuwa ya kugeuzia maji. Pale ndipo Bakari alipokuwa akiyafungulia maji ya korongo yaingie shambani kwake. Niliweka dungu langu juu ya mlango wa mtu, nikauelekezea bunduki.

Wewe umekulia huku. Kwetu maji yana zamu. Ndiva, lile bwawa la mifereji yetu, inajaa usiku, asubuhi inafunguliwa, na kila mtu anaijua siku yake. Mvua ikinyesha tunakaa jikoni kuota moto, hakuna anayekwenda shambani. Nilidhani dunia nzima inaishi hivyo. Kule Makanya mvua yao hainyeshi kwao. Wanalima kwa mvua inayonyesha milimani juu yao. Inashuka korongoni kwa kishindo saa kadhaa baadaye, wakati mbingu ya kwao ni kavu na vumbi linapeperuka. Inakuja mara chache tu kwa msimu mzima, na ikipita imepita. Mtu akisikia sauti yake anachukua jembe anakimbia, hata kama anaumwa, hata kama amekatazwa na nani.

Na walikuwa wamekatazwa. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba jioni asionekane mtu kwenye mashamba yale mpaka Fundi amalize kazi. Nilisikia tangazo hilo kwa masikio yangu, nikaridhika. Hakuna aliyenieleza kwamba likija suala la maji tangazo halina kazi, kwa sababu kwao hilo halielezwi. Hata mtoto analijua. Na mimi sikuuliza. Kwa siku tatu niliuliza habari za nguruwe asubuhi na jioni, sikuuliza hata mara moja habari za watu.

Mkewe alijaribu kuniambia. Alasiri ya siku ya mwisho alileta ugali na mchicha, akasimama anatazama milima ya juu yao iliyokuwa imefunikwa na wingu zito. Akasema, "Fundi, huko juu kunanyesha."

Nikamjibu huku natafuna, "Mama Zuhura, mvua ya huko juu inakuhusu nini wewe uliye huku kwenye vumbi?"

Akacheka kwa adabu, maana nilikuwa mgeni wake. Akakusanya vyombo akaondoka. Sauti ya kicheko chake naijua mpaka leo.

Nilipanda kwenye dungu jua likiwa bado. Lilipozama palibaki mwanga kidogo. Nikaanza kusikia mvumo kutoka korongoni, nikadhani ni treni ya mizigo, reli haiko mbali. Kisha nikaona kitu kimeinama pale palipobonyea, cheusi, kinachimbachimba ardhi. Mnyama wa saizi nzuri. Sikuona kichwa. Sikuona miguu. Niliona mgongo ukipanda na kushuka, na kwa kuwa nilishaamua siku tatu kabla kwamba pale patatokea nguruwe, nikaona nguruwe.

Nilishuka nikifurahi. Nakuandikia hilo ingawa mkono hautaki, kwa sababu mahakamani nilisema nilishuka kwa hofu, na si kweli. Nilishuka nikipiga mluzi. Nilikuwa hatua kumi nilipoona jembe.

Alikuwa hai bado. Nilimtoa kwenye maji, maana yalikuwa yameshafika, yanapita korongoni mazito na mekundu. Kichwa chake nilikiweka mapajani. Aliniambia, "Fungua, maji yanapita." Nilidhani anaweweseka. Alirudia, akaonyesha kwa mkono lile tuta, alibakiza kidogo tu kulibomoa. Nilikuwa namfunga jeraha kwa shati langu na kupiga kelele watu waje. Watu walipofika yeye alishakata roho, na maji yalikuwa yanapungua. Shamba lile halikupata hata tone. Mwaka ule mama Zuhura hakuvuna kitu.

Nilijipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji na bunduki yangu mkononi. Sikukimbia. Watu wa Makanya hawakunipiga. Mzee mmoja alinipa kanzu nijisitiri kwa sababu nilikuwa kifua wazi. Ningefurahi wangenipiga.

Mengine ni ya mahakama. Nilikiri, nikafungwa. Mama yako alikuja kunitazama mara nne, na mara ya kwanza ndipo aliponiuliza akuambie nini wewe. Nilisema, mwambie niko Tanga. Lilinitoka tu. Hakulipenda. Alisema, "Uongo huu ni wako, mimi nakubebea tu. Siku moja utaushusha wewe." Nilipotoka, nilisimama stendi nikanunua kikapu cha mkonge, ili nikuletee kitu cha kutoka Tanga. Unakikumbuka. Ulibebea madaftari mpaka kikachanika mkono, ukalia, nikakishona. Uliwaambia wenzako shuleni kwamba baba yako ndiye aliyekisuka. Mama yako alikuwa anasonga ugali, akanitazama, akarudi kwenye chungu chake.

Wakati anaumwa ule ugonjwa wa mwisho alinikumbusha. Nikasema nitamwambia akimaliza shule. Ukamaliza. Nikasema akirudi kutoka chuoni. Ukarudi na cheti cha wanyamapori na kofia ya kijani, na nilijivuna mpaka nikasahau ninachokuficha. Nilidhani utapangiwa mbali, Ruaha au Selous huko. Kumbe barua ya kazi inatoka Makanya.

Na barua yenyewe nimeisoma. Uliiacha mezani, nikaisoma mpaka chini kwenye sahihi. Katibu wa kikundi cha wakulima anaitwa Zuhura Bakari.

Huenda ni mwingine. Majina hayo ni mengi kule. Lakini mimi nimeshahesabu umri, na moyo wangu unajua. Yule mtoto aliyekuwa akinikimbia ndiye aliyekuita ukajenge madungu shambani kwao. Atakupokea, atakupa chai, atakuuliza kwenu ni wapi na baba yako nani, kama binadamu yeyote angeuliza. Nimekaa siku mbili nikiomba Mungu usiulizwe. Ni maombi ya kipuuzi kuliko yote niliyowahi kuomba.

Nilishakwenda kule mara moja baada ya kutoka. Hulijui hili wala mama yako hakulijua. Nilisema nafuata mbegu Same, nikapitiliza. Nilishuka barabarani, nikatembea mpaka nikaliona shamba. Mama Zuhura alikuwa juu ya tuta na jembe, peke yake, anachimba pale pale kujiandaa na msimu, na mtoto amekaa kivulini. Mgunga ulikuwa umeshakatwa. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga gerezani miaka miwili. Nikasimama nyuma ya ua wa katani hadi gari la kurudi lilipopita, nikalisimamisha. Tangu siku ile sijawahi kwenda zaidi ya Same.

Basi uliniuliza ungeweka wapi dungu la kwanza. Nakujibu sasa, ingawa nimechelewa siku mbili. Sijui. Kwenye simu siwezi kujua, na hata nikisimama pale siwezi kujua. Upepo utausoma mwenyewe, umefundishwa vizuri kuliko mimi. Ila kabla ya kufuata mapito ya nguruwe, fuata ya watu. Tembea na mwenye shamba asubuhi, utembee naye tena jioni, na mkewe siku nyingine peke yake, maana anajua njia ambazo mume hazijui. Ukikuta tuta limebonyea uliza nani amelibonyeza. Ukikuta mawe yamepangwa, kuna mtu aliyeyapanga na ana sababu. Mwanamke akitazama wingu, acha kutafuna, umuulize anaona nini. Na siku milima imefunga wingu, shuka kwenye dungu ukakae nao nyumbani, hata nguruwe wakila shamba zima. Mahindi yataoteshwa tena.

Kitu kisicho na kichwa wala miguu usikipige. Hilo walikufundisha chuoni, najua. Na mimi nilifundishwa na babu yako nikiwa na miaka kumi na mbili. Nililijua vizuri sana jioni ile.

Sikwambii usiende. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo, nikaikata. Ningependa ubaki hapa tupalilie tangawizi na tugombane juu ya redio. Lakini kukuzuia ungekuwa uongo mwingine, na nyumba hii imeshiba. Nilitaka pia kuandika kwamba nitashuka na wewe kesho. Nayo nimeikata. Miguu yangu naijua. Ingefika Same ikatafuta kisingizio.

Bado kuna jambo moja. Hili hakimu hakulisikia, mama yako hakulisikia, na mchungaji aliyenirudisha kanisani hakulisikia.

Bakari alipokuwa mapajani kwangu, baada ya kuacha kusema habari za maji, alitulia. Akanitazama usoni kwa muda. Kwa siku zote zile alikuwa akiniita Fundi kama wengine, na mimi nilipenda hivyo, sikuona haja ya kujitambulisha zaidi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mzee aliyekutana na kijana njiani, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Sikumjibu. Niliogopa kwamba nikitaja jina la baba yangu litabaki pale kwenye lile tope. Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya maji. Akauliza tena. Nikaangalia pembeni, nikaendelea kuita watu. Hakuuliza mara ya tatu. Alikufa mikononi mwa mtu asiyemjua, Namkunda, naye alikuwa ameuliza kwa upole mara mbili.

Kwa hiyo Zuhura akikuuliza, mjibu. Mjibu mara ya kwanza, usisubiri arudie. Hukufanya kosa lolote, wala huna radhi ya kumwomba kwa niaba yangu. Mwambie tu wewe ni binti wa nani, kisha unyamaze, umwache afanye anavyoona. Akikufukuza, rudi nyumbani bila kumlaumu. Akilia, kaa naye. Na akiuliza kama mtu huyo yu hai, mwambie yu hai, umweleze njia ya kufika mpaka mlangoni, na ukishamaliza kusoma haya, kama utashindwa kuniamkia kesho asubuhi, nitaelewa.

Ni mimi baba yako,
Eliamini, mtoto wa Yonathani, wa Shighatini.